Redio ya Zamani Haiamshwi kwa Pupa

Anayeingia katika nyumba za wazee wetu wa pwani, ikiwa ni Mji wa Kale hapa Mombasa, au Lamu, au Malindi, hakosi siku moja kuona redio kubwa ya mbao iliyokaa juu ya kabati. Imefunikwa kitambaa cha kudariziwa, na juu ya kitambaa pamewekwa saa, au chetezo, au picha ya marehemu. Watoto wa nyumba huiita sanduku. Wakubwa wanajua kwamba ilikuwa redio ya mzee, na kwamba haijasema neno miaka mingi.

Kazi yangu mimi ni kuzitengeneza redio hizo. Sina duka lenye kibao. Nina meza moja chini ya dirisha, chuma cha kulehemu, mita ya kupimia umeme na makopo yaliyojaa vipuri. Wanaonijia ni wa namna mbili. Wa kwanza husema, "Fundi, hii imekufa, lakini tunaipenda." Wa pili husema, "Fundi, itoe matumbo utie spika ya kuunganisha na simu, maana mbao zake zinapendeza wageni."

Leo nataka kusema na wote wawili, niwaeleze jambo ambalo kulijua kwake kulinigharimu redio ya babu yangu. Redio ya namna hii aghalabu huwa haikufa, imelala tu. Na kinachoiua mara nyingi si uzee wake. Huuawa na mtu wa nyumbani anayeiamsha kwa pupa.

Usiku wa mwezi

Ilikuwa Ramadhani ya mwaka 1979, ile iliyokwisha mwezi wa Agosti. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na sita. Tulikuwa tumefunga siku ishirini na tisa, na baada ya Magharibi watu walijaa barazani kwetu kungojea tangazo la mwezi. Redio ndogo ya transista ya baba ndiyo iliyokuwa ikitegemewa na mtaa wetu, na usiku ule mawe yake yalikwisha. Maduka yalikuwa yamefungwa. Watu wakaanza kuinuka kwenda baraza nyingine, nami nikaona aibu kana kwamba nyumba yetu imekosa chakula mbele ya wageni.

Babu alikuwa bado msikitini. Nikaikumbuka redio yake iliyokuwa chumbani, ambayo haikutiwa umeme tangu kabla sijatiwa chuoni. Bila ya kumuuliza mtu nikaibeba hadi barazani, nikachomeka plagi, nikawasha.

Kwa kadiri ya nusu dakika hapakuwa na kitu. Kisha kioo chake kikawaka, jicho la kijani likafumbuka, na redio ikavuma mvumo mzito kama wa meli iliyo mbali. Nikazungusha kifundo, na mara sauti ya mtu ikatoka, nene na safi. Watu wakashangilia. Nilijiona mwanamume miongoni mwa wanaume.

Hazikutimia dakika tano. Sauti ilianza kukwaruza, ikaja harufu ya nta inayoungua, kisha moshi ukafuka kwa nyuma, na redio ikanyamaza. Babu aliporudi aliikuta ingali inafuka. Hakunigombeza. Aliichomoa, akangoja ikapoa, akairudisha chumbani kwa mikono yake mwenyewe na kuifunika kitambaa chake. Habari ya mwezi tuliipata kutoka baraza ya pili. Siku ya Idi, baada ya kumbusu mkono, aliniambia maneno machache tu: "Mjukuu wangu, aliyelala haamshwi kwa teke." Alifariki mwaka 1983, Mwenyezi Mungu amrehemu, wala redio yake hakuisikia tena.

Chombo cha mtaa mzima

Kijana wa leo, ambaye ulimwengu wote umo ndani ya simu yake, huenda asielewe kwa nini kuungua kwa redio moja kulikuwa ni msiba. Redio ilianza kutangaza Nairobi mwaka 1928, lakini ilikuwa hasa ya walowezi wa Kizungu. Kwetu mambo yalichangamka baadaye. Mwaka 1951 Unguja ilianza kutangaza, na Dar es Salaam vilevile. Mwaka 1954 Cairo ikaanza matangazo yake ya Kiswahili, na Juni 1957 BBC ya London ikafuata. Mombasa yenyewe ilikuwa na Sauti ya Mvita.

Aliyenunua redio siku zile, iwe ni Philips, Pye au Grundig, hakujinunulia peke yake. Iliwekwa dirishani ili walio barazani wasikie, na walio ukumbini wasikie vilevile. Kwa chombo hicho zilipatikana habari za vita na za uhuru, nyimbo za taarabu, visomo, na mwezi wa kufunga na kufungua. Ndiyo sababu wajane wengi hawakuzitupa redio hizo hata zilipokaa kimya.

Moto ndani ya kioo

Kabla ya transista kulikuwa na vali, vile vichupa vya kioo ambavyo wengi wetu tulizoea kuviita taa za redio. Vali ya kwanza ilitengenezwa na Mwingereza John Ambrose Fleming mwaka 1904. Mwaka 1906 Mmarekani Lee de Forest akaongeza ndani yake wavu mdogo wa waya, na hapo ndipo ilipowezekana baadaye kukuza sauti dhaifu ikawa kubwa.

Kazi yake si ngumu kuielewa. Ndani ya kioo hewa imetolewa. Katikati mna kipande kinachopashwa moto mpaka kikaiva wekundu, na kwa sababu ya moto huo hutoa chembechembe za umeme zinazokimbilia bamba lililo kando. Baina yao umo ule wavu, nao ni kama kilango cha mfereji: ukikisukuma kidogo tu, maji mengi huzuilika au kufunguliwa. Sauti dhaifu inayotoka angani ndiyo inayokisukuma kilango. Na kwa kuwa ni lazima kwanza moto ushike, redio ya vali haisemi mara unapowasha.

Transista ilivumbuliwa Marekani mwaka 1947, na katika miaka ya sitini na sabini ikazipokonya vali kazi. Transista haitaki moto, haina kioo cha kuvunjika, na hutosheka na mawe machache. Babu alinunuliwa moja na wanawe, akaifunika ile kubwa kwa heshima, kama mtu amfunikaye mgonjwa aliyelala.

Kitu cha thumni

Mwaka 1984 nilimfuata fundi mmoja mzee aliyekuwa akitengeneza redio, nikamwomba anifundishe. Alinifagilisha miezi mitatu kabla ya kunikabidhi chuma cha kulehemu. Siku aliponiruhusu nilimpelekea redio ya babu. Aliifungua, akaitazama, kisha akanionyesha kijidude kidogo kama kipande cha chaki, kilichopakwa nta. "Huyu ndiye muuaji wako," akasema.

Kijidude hicho ni kapasita. Kimekaa baina ya vali inayokuza sauti na vali ya mwisho inayosukuma spika. Kazi yake ni kupitisha sauti na kuuzuia umeme mkubwa, ambao ndani ya redio hizi hufika volti 250 na zaidi. Kimetengenezwa kwa karatasi iliyotiwa nta. Karatasi ikizeeka huingiwa na unyevu, na hapa kwetu, penye upepo wa bahari na mvua za masika, unyevu hauna haja ya kutafutwa. Basi kapasita huanza kuvuja. Umeme ukiufikia ule wavu wa vali ya mwisho, kilango hubaki wazi, vali hula umeme kupita kiasi mpaka bamba lake likawa jekundu, na transfoma ya spika huungua. Kitu ambacho kwa pesa za wakati ule kilikuwa cha thumni kiliiua redio ya mamia ya shilingi.

Fundi wangu alisema kwamba lau ningekibadilisha kabla ya kuwasha, babu angesikia tangazo la mwezi akiwa barazani pake. Transfoma nyingine hatukuipata. Mbao zake nazo zilikuwa zimekwisha kuliwa na mchwa. Vipuri vyake nilivitumia kimoja kimoja katika redio za watu, ila lile jicho la kijani, ambalo nililifunga kwa pamba na kuliweka.

Redio ya Bi Mkubwa

Mwaka jana, mwezi wa Shaabani, alinijia mama mmoja wa Mji wa Kale aliyepita miaka themanini. Mjukuu wake alikuwa nyuma ameibeba redio ya marehemu mumewe. Mwanawe alikuwa amepata mnunuzi mwenye kupamba hoteli, aliyetaka kuitoa matumbo na kutia spika ya kisasa. Alimpa mama yake muda hadi mwisho wa mwezi.

"Mwanangu," Bi Mkubwa akaniambia, "mimi nataka ukweli. Ikiwa imekufa, niambie nimpe aende nayo. Ikiwa i hai, siiuzi."

Nikauliza kama kuna mtu aliyeitia umeme. Mjukuu akainama akacheka; alikuwa amekwisha kushika waya mkononi bibi yake akamkemea. Nikamweleza habari ya mwaka 1979, na kicheko kikamwisha.

Kuifungua nyuma kulikuwa kama kufungua nyumba iliyohamwa. Palikuwa na vumbi, mayai ya mjusi, na kutu ya chumvi. Lakini pembezoni mwa kioo cha mbele nilikuta jambo lililonifanya niweke bisibisi chini. Marehemu alikuwa amebandika vikaratasi vidogo vilivyoandikwa kwa wino, kwa herufi za Kiarabu, mahali pa kila idhaa: Unguja, Cairo, London, Mvita. Kama ingetolewa matumbo, vikaratasi hivyo vingefutwa kwa tambara siku moja.

Nilianza na yale yasiyohitaji umeme. Nilipiga picha kila waya kwa simu ili nisije nikapotea. Waya wa ukutani ulikuwa wa mpira uliokauka na kumeguka kama biskuti, nikautoa nikatia mpya. Kigeuzio cha volti kwa nyuma kilikuwa kwenye 220, nikakisogeza mpaka 245, kwa sababu umeme wetu wa Kenya ni wa volti 240. Kwa mita nilizipima transfoma zote mbili, ile kubwa na ile ya spika. Nyuzi zake zilikuwa nzima. Hapo nikamwambia Bi Mkubwa, "Mama, bado ina roho."

Kisha nikasoma majina ya vali, maana vali za Ulaya zina majina yanayosomeka kama anwani. Herufi ya kwanza hueleza moto wake, na ya pili hueleza kazi yake. EL84: E ni moto wa volti 6.3, na L ni vali ya kusukuma spika. EZ80: Z ni ya kuugeuza umeme wa kwenda na kurudi ukawa wa njia moja. EM80: M ni jicho la kijani. Redio yenye E za namna hii kwa kawaida ina transfoma inayoitenga na ukuta. Msomaji akikuta majina yanayoanza na U, kama UL84, na ajihadhari sana; redio hizo aghalabu hazina transfoma hiyo, na chuma chake cha ndani huweza kuwa kimeungana moja kwa moja na umeme wa ukutani. Na zikianza na D, kama DL96, hiyo ni redio ya mawe, ya nyumba zisizokuwa na umeme, iliyotumia betri ya volti 90 pamoja na nyingine ya volti 1.5. Kuichomeka ukutani ni kuichinja.

Kapasita zote za karatasi na nta nilizibadilisha, nikianza na yule muuaji wa zamani. Vile vikopo vikubwa vinavyotuliza umeme, ambavyo vikikauka redio huvuma kama nyuki, niliviacha mahali pake kwa sura tu, nikaficha vipya chini ya chesisi. Hivyo atakayeifungua baada yangu ataikuta kama ilivyotoka kiwandani.

Siku ya kuitia umeme sikuichomeka moja kwa moja. Niliuunga umeme upitie kwanza katika globu ya kizamani ya wati 60, ile yenye waya ndani, si ya LED. Globu hiyo ndiyo mlinzi. Ikiwaka kwa ukali wake wote na isipungue, ndani mna hitilafu, na yenyewe hula umeme ule kabla haujaiunguza redio. Ikiwaka kisha ikafifia, mambo ni salama. Nikasema Bismillahi. Iliwaka, ikafifia, na vali zikaanza kuiva wekundu moja baada ya moja.

Lakini redio ilikuwa bubu. Hapa ndipo mafundi wengi hushikwa na wasiwasi wakaanza kuzungusha kila skrubu wanayoiona. Zile skrubu ndogo ndani ya vikopo vya chuma zilipimwa kiwandani, na mwenye kuzigusa kwa kubahatisha hujiletea kazi ya wiki. Fundi wangu alinifunza kurudi nyuma: anza kwenye spika, uende hatua kwa hatua kuelekea waya wa angani, mpaka ufike mahali sauti inapokatika. Nyuma ya redio hii palikuwa na matundu ya kuungia gramafoni. Niliingiza humo sauti ya simu yangu, na spika ikasema vizuri. Basi nusu ya mwisho ilikuwa nzima, na ugonjwa ulikuwa mbele. Niliukuta kwenye swichi ya kubadilisha masafa, ambayo meno yake yalikuwa yameota weusi wa chumvi. Niliizima redio, nikangoja umeme uliojificha katika kapasita uishe, nikauhakikisha kwa mita, ndipo nikayasafisha meno yale kwa spiriti na vipande vya karatasi.

Nilipoiwasha tena, masafa ya kati na masafa mafupi yote yalisema. Lililobaki ni jicho la kijani. Lilikuwa limefifia kabisa, kama kawaida ya macho hayo yakitumika sana, na hakuna dawa ila kutia jingine. Nililitazama kopo langu lenye pamba siku mbili. Siku ya tatu nikalitoa jicho la babu, nikalitia.

Baada ya Isha

Niliipeleka kwa Bi Mkubwa jioni, tukapandisha waya wa mita kumi juu ya dari. Mwanawe naye alikuja. Tulipowasha tulisikia mchakato mtupu. Nikawaomba wazime globu za LED na kuchomoa chaja zote za simu, kwa kuwa vitu hivyo hutoa makelele yanayofunika masafa haya. Nyumba ikawa giza, jicho likabaki kuangaza kijani, na redio ikatulia.

Bi Mkubwa alinitaka nipite kwenye kila kikaratasi. Unguja hapakuwa na kitu. Cairo hapakuwa na kitu. Nilimweleza kuwa idhaa nyingi za zamani zimehama au zimefungwa, naye akasema, "Najua, mwanangu. Wewe pita tu." Kisha, baina ya kikaratasi na kikaratasi, ikatokea sauti ya msomaji wa Kurani kutoka ng'ambo ya bahari, ikipanda na kushuka kama wimbi. Bi Mkubwa alisikiliza mpaka mwisho. "Sauti ni ile ile," akasema. Alikusudia sauti ya redio yenyewe, nene na yenye joto, aliyokuwa akiisikia kutoka ukumbini mumewe alipokuwa hai.

Mwanawe akaniuliza mbona haishiki FM. Nikamwambia kuwa ilitengenezwa kwa masafa mengine, lakini kwa kuwa ina transfoma, anaweza kuisikilizisha simu yake kupitia yale matundu ya gramafoni, bila ya kukata hata waya mmoja. Alijaribu. Akakaa hadi saa nne za usiku, na kesho yake akamwambia yule mnunuzi atafute nyingine.

Basi ndugu msomaji, ikiwa nyumbani mna redio kama hiyo, nakuomba usiichomeke ili uone tu kama inafanya kazi. Usiufute uso wa kioo chake kwa tambara la maji, maana maandishi yake hutoka. Chetezo kiweke mahali pengine. Usitie mkono ndani, kwani umeme wake unaua, na huweza kubaki hata baada ya kuchomolewa. Mpelekee fundi anayezijua vali, na umwulize kwanza kama atabadilisha kapasita kabla ya kuwasha. Akicheka, ichukue urudi nayo. Na hata ikiwa imeungua kabisa, usiitupe jaani. Huenda ina jicho ambalo redio ya mwenzio inalingojea.